Mama-mukwe Akishapata Moto

Jumatatu, 7/10/2024

Hakuna gari katika Kindu hii yote ambayo mimi Tambwe siwezi kuujua ugonjwa wake kwa kusikiliza tu. Nilifundishwa kazi na wazungu wa reli. Nikiweka sikio juu ya moteri, inaungama kama mukristu mbele ya padri.

Uongo. Ninaandika peke yangu, sasa ninamudanganya nani? Kwa reli nilikuwa muntu wa kuosha vyuma. Miaka kumi na moja naosha vyuma vya wengine na kukausha kwa kitambaa. Wazungu nilikuta wameshaenda zamani. Yote ninayojua niliiba kwa macho, na macho yangu yalikuwa mavivu.

Basi. Gari yangu jina lake ni Mama-mukwe. Pikapu ya mwaka 1979, ya esansi (petroli), zamani ilikuwa ya bluu. Asubuhi ni baridi, unamugusa ufunguo mara moja, anaitika: karibu mwanangu! Tembea naye nusu saa. Muzime. Ngoja dakika kumi. Sasa mwamushe — demareri, ile inayoamsha moteri, inazunguka vizuri, batri iko na nguvu, na moto hakuna. Amekununia. Ngoja saa nzima, anawaka tena kama hakukuwa na neno. Ukweni njo hivyo.

Zamani hiyo ilikuwa ya kuchekesha watu. Tangu tarehe 16 ya mwezi wa nane haichekeshi. Siku ile Mulamba alikufa ndani yake. Mulamba, karani wa reli, Muluba wa Kasai mwenye kiburi na suruali ya pasi. Miaka hamsini tulikuwa tunatukanana.

Leo bibi yake, Mama Mbelu, alikuja kwangu. Nikamupa kiti, hakuketi. Akasema: shemeki, binti yetu Déborah atazaa mwisho wa mwezi huu. Mutoto wake wa kwanza unajua alivyoenda. (Najua. Déborah anaumwa uchungu, wamemupandisha pikipiki, matope, wameanguka mara tatu. Waganga walimupasua, wakatoa mutoto aliyekwisha kufa.) Akaendelea: munganga wa hospitali amesema uchungu ukianza tu, saa ile ile afike kwa hospitali kubwa. Toka huku kwetu, barabara ya Kibombo, mupaka kule ni kilometa kumi na mbili. Juu ya pikipiki hapandi tena. Gari ni yako tu, shemeki.

Nikasema itakuwa tayari! Nilisema kwa sauti kubwa. Sauti kubwa njo dawa yangu wakati sijui kitu.

Lakini ugonjwa nausema wazi: ni esansi ya Djo. Djo anauza esansi ya chupa pale njia panda, na anaichanganya na maji. Nilisema hivyo kwa matanga ya Mulamba, mbele ya watu wote. Sasa hakuna anayenunua kwake. Haki yake!

Jumanne, 8/10/2024

Niandike siku ile mara moja halafu nisirudie.

Pumu ilimushika Mulamba tangu asubuhi. Saa kumi na moja ya jioni midomo ikawa rangi ya majivu. Tukamukalisha mbele, karibu na dirisha, Mama Mbelu katikati. Alikuwa anavuta pumzi kama muntu anavuta ndoo nzito kutoka kisimani. Nilienda mbio. Kweli nilienda mbio.

Saa kumi na mbili kamili tulikuwa mbele ya ile ofisi ya serikali. Filimbi! Bendera inashuka. Kila muntu anasimama pale alipo — wa kinga (baiskeli), wa pikipiki, mama mwenye beseni kichwani. Hiyo ni sheria, hakuna anayebishana nayo. Lakini sheria haisemi uzime moteri. Pikipiki zote zinasimama zikinguruma. Mimi ninazima. Wakati wa vita askari mumoja alinipiga kitako cha bunduki kinywani, eti moteri yangu inapiga kelele juu ya filimbi. Meno mawili yalibaki pale barabarani. Tangu siku hiyo filimbi ikilia, mukono wangu unazima wenyewe. Hauniulizi.

Bendera ilichukua dakika tatu. Nikazungusha ufunguo. Hakuna. Tena. Hakuna. Mulamba akanigeuzia uso, akasema kwa vipande vipande: Tambwe — gari yako — iko na pumu — kunipita.

Na akatabasamu. Mimi nikacheka. Mama Mbelu hakucheka.

Nilifungua kapo, kile kifuniko cha moteri, nikapiga hiki, nikavuta kile. Watu walikuja, wakajaribu yote watu wanayojaribu. Kukaa juu ya pikipiki hakuweza; walipopata mbili za kufunga ubao katikati, alikuwa hahitaji tena.

Saa moja ya usiku Mama-mukwe aliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja tu. Nikamurudisha Mulamba nyumbani kwake na moteri inaimba.

Alhamisi, 10/10/2024

Leo kazi. Nimenyonya esansi yote ya zamani kwa mupira (nimemeza kidogo, nikatema mara tano). Jana nilinunua lita tano mupya kwa soko, kwa mama mumoja ambaye hata Djo hamujui. Na chupa moja ya Djo ilikuwa imebaki tangu mwezi wa nane. Niliziweka zote mbili tangu jana katika chupa nyeupe, bega kwa bega juu ya dirisha. Maji ni mazito, yangeshuka chini, ungeona musitari.

Musitari haukuwako. Kwa zote mbili.

Sawa. Nikaweka esansi mupya, nikatembea nusu saa kwa barabara ya uwanja wa ndege, nikamuzima, nikangoja dakika kumi. Mama-mukwe akakataa. Nikasema labda joto linachemsha esansi ndani ya bomba inageuka kuwa hewa. Inafanyika hivyo kwa magari ya zamani. Nikaivika pompi ya esansi kitambaa cha maji. Akakataa. Nikafungua karbi, pale esansi inapochanganyika na hewa: esansi imo, inaruka kama chemchemi, karibu inipofushe.

Kwa hiyo esansi inafika. Na ni safi. Ya Djo ni safi kuliko maji ya ubatizo. Mufano mubaya huo, lakini nauacha.

Sipendi jibu hili.

Nikirudi nilipita njia panda. Djo amekaa nyuma ya chupa zake. Chupa ziko na vumbi. Nikamusalimia: jambo! Akanigeuzia mugongo.

Jumamosi, 12/10/2024

Ikiwa si esansi, ni umeme. Kupima umeme kunataka watu wawili: mumoja kwa ufunguo, mumoja kwa moteri. Déborah alikuwa anapita na tumbo lake, nikamuita. Akapanda kwa shida, usukani ukamugusa kitovu.

Papa Tambwe, ukinilipua hapa, mama atakuua mara mbili!

Nikamwambia: mara moja inatosha, niko na miaka sabini na mbili. Zungusha.

Nilitoa buji moja, ile inayorusha cheche ndani ya moteri, nikailaza juu ya chuma, waya wake ukiwa bado kichwani. Gari baridi: cheche ya bluu, nene, inasema ta! ta! Vizuri sana. Nikairudisha, nikamuacha Mama-mukwe angurume pale pale nusu saa. Déborah ananihadithia ndoto zake, kila ndoto iko na samaki. Halafu nikasema zima, nikatoa buji tena. Dakika kumi. Zungusha.

Cheche ya njano. Nyembamba, inakuja na kukatika, kama mukojo wa muzee.

Nikaweka kiganja juu ya bobini, ile kopo inayotengeneza cheche. Mama yangu! Ngozi ilibaki juu yake. Ungekaanga yai. Nikaimwagia maji, ikalia shhh. Nikarudisha buji, tukangoja kidogo tena. Zungusha — moto!

Déborah akapiga makofi: kumbe ni homa tu!

Ni homa, nikasema.

Sasa homa ya nini, papa?

Nilikuwa nimeinama ndani ya kapo. Hii ni bobini ya tatu katika miaka kumi. Kila ikiungua nilitukana wachuuzi, nilitukana viwanda vya mbali, nilitukana mabaharia. Leo niliangalia pembeni yake, juu ya bati. Kuna matundu mawili ya skrubu, matupu. Katikati ya matundu, bati ina alama nyeupe, safi, urefu wa kidole. Na waya inapita pale moja kwa moja, imeungwa kwa fundo.

Ninalijua fundo lile. Hakuna mwingine anayefunga hivyo, ni mimi tu, ya kushoto juu ya kulia, kama mukanda wa suruali.

Nikafunga kapo. Nikamwambia Déborah aende kupumzika. Akasema: haujanijibu. Nikasema: mutoto mukubwa kama wewe, maswali mengi yanamuamsha yule wa ndani.

Jumapili, 13/10/2024

Sikufanya kitu. Kiganja kinauma. Wacha kiume.

Jumatano, 16/10/2024

Nimetafuta daftari ya vita siku tatu. Ilikuwa chini ya mabati ya jikoni, panya wamekula pembe. Ninaandika tena hapa kama ilivyo, ili kesho nisiseme nimesahau.

«Jumatano, 19/6/2002. Leo nimewapata!! Hawa wenye bunduki wameshachukua gari yangu mara mbili. Ukificha gurudumu wanakupiga. Ukificha batri wanakupiga. Basi nimeficha kitu ambacho hawakijui. Kuna kipande cheupe cha udongo, sawa na kidole, kinapunguza umeme usifike mwingi kwa bobini. Nimekitoa. Nimeunga waya moja kwa moja. Sasa bobini itakula umeme wote na itashikwa na homa. Asubuhi gari itawaka, watafurahi, wataenda. Wakiizima kule porini — haiwaki tena! Wataitupa. Na kosa si langu, gari ni nzee! Nimemwambia Mulamba peke yake. Amecheka mupaka akakohoa. Kipande nimetupa ndani ya Lualaba.»

Ijumaa yake waliichukua. Ilikufa barabara ya Kibombo, kilometa tisa. Wakaiacha pale. Dereva wao, jina lake sikulijua, wanasema walimupiga mupaka hakuweza kusimama. Wakafikiri yeye njo aliyeiharibu. Nilicheka juu ya hiyo pia.

Nimenywa pombe ya watu miaka ishirini kwa hadithi hii! Niliipamba kila mara, nilisema tu «niliitega», siri ya kipande sikuitoa. Mulamba alikaa pembeni akinisahihisha: hapana, ilikuwa Ijumaa, si Jumamosi.

Baada ya vita nilisema nitarudisha kipande kingine. Halafu esansi haikuwako. Halafu magurudumu yakaoza. Halafu nikasahau.

Hapana. Sikusahau. Gari ambayo mwizi hawezi kufika nayo mbali ni gari nzuri. Niliupenda muzaha wangu. Niliuacha ndani.

Na Mulamba alijua. Pale mbele ya bendera, alipotabasamu. Sasa sijui alikuwa anatabasamu nini.

Alhamisi, 17/10/2024

Kipande kama kile hakipatikani Kindu. Bobini mupya nimemuagiza Mamy, anayeleta bidhaa kutoka Kisangani. Anasema ndege inakuja Ijumaa ikiwa inakuja. Lakini kipande kinaweza kutengenezwa: waya ile ya kujizungusha ya resho, lile jiko la umeme, ile inayokuwa nyekundu ukipika. Ukikata urefu unaofaa, inafanya kazi ile ile. Sasa nani katika barabara yetu yuko na resho ya umeme, sisi tunaoona umeme kama tunavyomuona askofu? Na nani yuko na mita ya kuipima?

Muntu anayetengeneza redio. Djo. Mungu anapenda mizaha kunishinda.

Nilienda. Hakuinua kichwa.

Unataka nini, muzee? Maji? Ninayo ya lita na ya nusu lita.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kipande, fundo, daftari. Nzi alitembea juu ya chupa yote, juu mupaka chini.

Kwa hiyo mimi sikumuua baba ya Déborah, akasema.

Hapana.

Sema tena.

Nikasema tena.

Ngoja nimuite bibi yangu, useme ya tatu.

Jacqueline alikuja na povu la sabuni mukononi. Nikasema ya tatu. Akaniangalia toka viatu mupaka kofia, akatema mate pembeni, akarudi kwa nguo zake. Watoto wao wawili walikuwa pale. Hawakwenda shule. Siku za shule zote hizi, nikikumbuka, nilikuwa ninawaona pale.

Djo akatoa resho chini ya meza, akang'oa waya, akaipima na kuikata. Akaniwekea mukononi, ule wa kidonda, akaufunga kwa vidole vyake, kwa nguvu.

Ni ya Déborah, akasema. Si yako.

Jumapili, 20/10/2024

Leo nilimwambia Mama Mbelu.

Alikuwa anachagua mawe katika muchele, ungo juu ya magoti. Nilikaa kwa kigoda kama mushitakiwa. Nilianza mbali, kwa vita, kwa njaa ya mwaka ule, kwa bunduki. Akasema: shemeki, unazunguka. Sema.

Nikasema. Vidole vyake viliendelea. Jiwe, anatupa. Jiwe, anatupa. Nilipomaliza aliendelea bado, na mimi nikahesabu mawe: saba.

Akauliza: na yeye alijua?

Alijua.

Aliniambia gari yako imelogwa, akasema. Miaka yote hiyo. Nilikuwa ninaomba rozari nikiingia ndani yake.

Halafu akacheka. Kidogo, kwa pua. Nikaanza kulia mimi, muzee mujinga, kamasi mupaka kidevuni. Akainua ungo, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo:

Futa uso. Sasa unajua inaumwa nini? — Ndiyo. — Basi itengeneze. Utalia Déborah akishazaa, nitakupa kiti na kitambaa. Na kinywa kile ulichotembeza katika matanga ya mume wangu kumuharibu Djo, kinywa kile kile, kitembeze tena.

Sikupewa muchele. Sikungoja kupewa.

Jumatatu, 21/10/2024

Nimetembea nyumba kumi na nne. Kwa kila mulango: esansi ya Djo ni safi, mimi njo muongo. Watu wanadhani nimelewa. Katekista alisema ni unyenyekevu muzuri, nikamwambia asiniharibie. Muzee mumoja, Onema, aliyeninunulia pombe zaidi ya wote kwa hadithi ile ya vita, alifunga mulango polepole. Ningependa angeupiga.

Jioni pikipiki mbili zilikuwa kwa Djo zinanunua. Mbili tu.

Jumanne, 22/10/2024

Nimefunga waya ya Djo pale kwa matundu mawili, juu ya kipande cha kigae ili isiguse bati. Nimekata fundo langu kwa kisu. Nilidhani nitasikia kitu nikikata. Hakuna, ni waya tu.

Jaribio la kwanza: nusu saa ya kutembea, kuzima, dakika kumi. Kiganja juu ya bobini — nimehesabu mupaka kumi bila kuungua. Ufunguo. Aliwaka! Nilipiga yowe, mbuzi wa jirani akakata kamba.

Jaribio la pili, mara moja baada ya hilo: alizunguka, alizunguka, alikataa. Nikamupa kitambaa cha maji na dakika nane. Akawaka akikohoa.

La tatu: aliwaka.

La nne: alikataa.

Ninajua kwa nini. Dawa ni ya kweli, lakini bobini hii imeshapikwa mwaka mzima. Ndani imeungua. Haiponi, inangoja kufa tu. Ile mupya iko Kisangani na Mamy, na ndege ya Ijumaa haikuja. Anasema Ijumaa hii.

Nimemwambia Déborah: kaa umefunga miguu mupaka Ijumaa. Akasema: nitamwambia mutoto, lakini huyu amefanana na baba yangu, hasikii la muntu.

Njia ni moja. Tukiondoka, nisimuzime. Nyumbani mupaka hospitali, asizimwe. Hata filimbi ikilia. Mukono wa kulia nitaukalia.

Alhamisi, 24/10/2024

Ninaandika ndani ya gari, daftari juu ya usukani. Saa tisa na dakika kumi za muchana. Mbele ya kituo cha afya.

Uchungu ulianza saa saba. Mama Mbelu alikuja mbio, viatu mukononi. Mama-mukwe alikuwa baridi, aliitika mara moja. Déborah katikati, mama yake kwa dirisha. Mvua ya jana imefanya barabara kuwa uji. Kilometa tano kwa saa nzima na zaidi. Moteri ilichemka kama sufuria ya maharagwe lakini ilitembea. Déborah alikuwa ananitukana mimi, mume wake aliye machimboni Pangi, na waliotengeneza barabara. Nilifurahi. Anayetukana yuko na nguvu.

Kwa daraja la miti akanyamaza. Mama Mbelu akaangalia chini, akasema: damu. Akasema ingia hapa kwa kituo, wamuone. Nikaingia. Sikuzima! Nilikaa na muguu juu ya kikanyagio cha esansi, mukono wa kulia chini ya paja. Wakamubeba ndani.

Halafu muuguzi akatoka, mama mufupi, mukali, jina lake Hélène limeandikwa kifuani. Papa, zima gari! Moshi wote unaingia kwa watoto!

Nikasema: mama, nikiizima haiwaki tena.

Ndani kuna watoto wanne wa leo na jana! Unataka kuwakausha kama samaki?

Nikasema ngoja nieleze, iko na kipande — na yeye akaingiza mukono dirishani, akazungusha ufunguo, akazima. Kimya. Nilisikia kuku.

Hana kosa. Hamujui Mama-mukwe.

Amerudi sasa hivi. Hasemi kwa ukali tena, na hiyo njo imenitisha. Anasema kovu la zamani linataka kufunguka. Hapa hakuna kisu cha kumupasua. Hospitali kubwa, saa hii. Amepiga simu watafute gari ingine. Ya kwao iko juu ya mawe tangu mwaka jana. Wanamutundikia maji, halafu wanamutoa. Dakika kumi, papa, uwe tayari.

Zimebaki kilometa saba.

Nimegusa bobini. Nimehesabu mupaka nne, halafu mukono ukakimbia. Nne si mbaya, si nzuri. Nimeivika kitambaa cha maji. Nikijaribu mapema na ikikataa, esansi itazamisha buji, na hapo njo tumekwisha kabisa. Lazima kungoja. Ninaandika ili mukono huu uwe na kazi, usiende kwa ufunguo.

Déborah analia ndani. Anaita: papa! papa! Haniiti mimi.

Kitambaa cha pili. Nimehesabu mupaka sita.

Wanatoka. Watu wawili wamemubeba kwa shuka, Hélène anashikilia tumbo, Mama Mbelu ameinua chupa ya maji juu. Anatembea nyuma ya mutoto wake na macho yake yako kwangu.

Sita na nusu.

Mulamba. Miaka arobaini umepanda gari hii na haujaisukuma hata siku moja. Kila ilipokwama, wote tulishuka ndani ya matope, wewe ulibaki kwa kiti na suruali yako ya pasi, unasema uko na henia. Haukuwa na henia. Bibi yako aliniambia zamani, sikukuaibisha. Basi ninakudai kusukuma mara moja. Najua, najua, kusukuma hakuponyeshi bobini. Shuka hivyo hivyo. Kunja suruali. Ni hatua kumi tu, na ni mutelemuko. Wameshafungua mulango, wanamupandisha. Shuka, ndugu, usukume kidogo. Ninaweka kalamu, ninashika ufunguo.